MWENZI WA NYOTA HAONEKANI, LAKINI YUPO

Kabla sijafika mbali, hebu nikuulize swali moja. Kitu ambacho huwezi kukiona kwa macho, wala kukigusa, wala kukisikia, je, waweza kusimama mbele ya watu ukasema kwa uhakika kwamba kipo? Najua wengi wenu mtajibu haraka haraka, "Ala! Haiwezekani. Mwenye macho haambiwi tazama." Mimi leo nimeshika kalamu kuwapinga. Nasema yawezekana, tena wako watu ambao kazi yao ni hiyo tu, na elimu yao inatufaa sisi wanafunzi wa kutwa wa Kibera na Kawangware kuliko tunavyodhani.

Mawazo haya yalinianza mwaka jana tulipokuwa tukichagua masomo ya kuingia nayo Kidato cha Tatu. Mjomba wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma huku Kawangware, na nusu ya karo yangu hutoka mfukoni mwake, kwa hivyo neno lake nyumbani kwetu lina uzito. Alipoiona fomu yangu alisonya kidogo, akaniambia, "Sasa wewe mpwa wangu, hiyo Fizikia utaila? Chukua Biashara, mama. Mambo ya nyota na mawimbi ni ya watu walioshiba." Sikumjibu. Mtoto mwenye adabu hajibizani na mjomba wake. Lakini maneno yale yalinichoma kama mwiba, kwa sababu hata darasani yalikuwa yakisemwa. Wenzangu wengi waliiacha Fizikia, na leo tumebaki kumi na mmoja tu. Kuna minong'ono kwamba tukizidi kupungua, somo lenyewe litafungwa hapa shuleni. Ndio maana naandika. Haya ndiyo majibu ambayo sikuyatoa siku ile.

Tuanze na taa. Mimi naishi Kibera, na kila mtu wa Kibera au Kawangware anaijua ile taa kali iliyo juu ya mlingoti mrefu, tunayoiita mulika mwizi. Ikiwaka, usiku unakuwa mchana. Sasa fikiria kwamba umechukua koroboi ya mama, ukaiwasha, ukapanda nayo mlingoti ule na kuiweka ubavuni mwa mulika mwizi. (Tafadhali usijaribu, fikiria tu!) Kisha mwite rafiki yako asimame ng'ambo ya reli atazame. Ataiona koroboi? Thubutu! Koroboi inawaka, ina moto wa kweli, lakini mwanga wa jirani yake umeimeza.

Hivyo ndivyo mambo yalivyo huko juu. Nyota nyingi hazikai pekee kama Jua letu. Hukaa mbili mbili, zikizungukana, nazo huitwa nyota maradufu. Pengine mwenzi wa nyota si nyota kamili bali ni kitu hafifu kiitwacho kibete kahawia. Uzito wake ni baina ya mara 13 na mara 80 hivi ya ule wa Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote zinazolizunguka Jua. Ni kizito mno kuitwa sayari, na ni chepesi mno kuitwa nyota. Kitovuni mwake joto na mbano havitoshi kuendelea kuunguza haidrojeni kama Jua linavyofanya, basi hubaki kupoa polepole kama jiko la makaa lililoachwa nje usiku.

Mwanasayansi Shiv Kumar alikadiria mapema katika miaka ya 1960 kwamba vitu vya namna hiyo lazima viwepo. Mwaka wa 1975 Mmarekani mmoja, mwanamke, jina lake Jill Tarter, akavipa jina hilo la vibete kahawia. Vilikuwa vimekadiriwa na kupewa jina, lakini hapakuwa na mtu aliyekuwa amekiona hata kimoja! Ilingojewa hadi mwaka wa 1995 ndipo viwili vikathibitishwa. Kimoja, kiitwacho Teide 1, kilipatikana ndani ya Kilimia. Naam, Kilimia hii hii yetu, lile kundi la nyota ndogo ndogo zilizosongamana ambalo wakulima wa pwani walilitazama tangu jadi ili wajue majira ya kulima. Wazee wetu walilijua kundi hilo kabla ya vitabu vya shule, kumbe ndani yake mlikuwa na mgeni aliyejificha.

Cha pili kiliitwa Gliese 229 B, na kiko umbali wa miaka ya nuru 19 hivi. Hicho kilionekana baada ya wataalamu kuweka kizuizi kidogo ndani ya darubini ili kuufunika mwanga wa nyota yake. Mjomba wangu, kama gazeti hili litafika mikononi mwako, nakuomba usome sentensi hiyo mara ya pili. Si ndiyo kazi ya kile kioo cheusi unachokishika usoni ukichomelea? Bila kioo, moto unakupofusha na huoni chuma. Ukiukata ule ukali, unaona kila kitu. Kumbe wewe na hao watazama nyota mnatumia akili moja.

Lakini njia ya kufunika ina kikomo chake. Mwenzi akiwa karibu mno na nyota, ukifunika nyota umemfunika naye. Hapo macho yameshindwa, na ndipo akili inapoanza kazi. Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Wanaomtafuta mwenzi wa karibu hutafuta dalili.

Dalili ya kwanza ni kuyumba. Mtazame mtu mzima anayemshika mtoto mikono na kumzungusha, ule mchezo wetu wa utotoni. Mtoto anaruka duara kubwa, lakini ukiangalia vizuri utaona kwamba hata mkubwa mwenyewe anayumba na kujipinda nyuma ili asianguke. Sasa fanya iwe magharibi, mtoto amevaa nguo nyeusi na mkubwa nyeupe. Kwa mbali utamwona mkubwa peke yake, anapepesuka katika duara dogo. Je, utasema amelewa chang'aa? Mwenye akili atasema, "Ameshika kitu." Tena akipima jinsi anavyoyumba, ataweza kukisia uzito wa kile alichoshika.

Nyota iko mbali mno, na kuyumba kwake si rahisi kukuona. Basi hupimwa kwa rangi ya nuru yake. Sisi tunaokaa kando ya reli ya Kibera tunalijua jambo hili bila kujua kwamba tunalijua. Gari moshi likija, honi yake hulia kwa sauti ya juu, nyembamba. Likishatupita tu, sauti inashuka na kuwa nzito. Dereva hakubadilisha honi. Mawimbi ya sauti yalisongamana lilipokuwa likija, yakatanuka lilipokuwa likienda. Nuru nayo ni mawimbi. Nyota ikisogea upande wetu, nuru yake huelekea kidogo kwenye buluu, na ikirudi nyuma huelekea kwenye nyekundu. Mshtarii peke yake hulifanya Jua liyumbe kwa mita 12 hivi kwa sekunde, mwendo wa matatu mjini. Kibete kahawia kilicho karibu na nyota yake huiyumbisha zaidi ya hapo mara nyingi.

Kwa njia hiyo, mwaka wa 1999 iligunduliwa kwamba kibete kahawia kingine cha Kilimia, PPl 15, si kimoja bali ni viwili vinavyozungukana kwa siku sita hivi. Na mwaka wa 2024 ikaja habari tamu zaidi. Kile kibete Gliese 229 B kilikuwa kimewasumbua watu vichwa, kwa maana uzito wake, kama wa Mshtarii 71, haukulingana na mwanga wake hafifu. Walipokichunguza kwa darubini kubwa za huko Chile, lo! Kumbe ni viwili! Kimoja kina uzito wa Mshtarii 38, cha pili 34, navyo huzungukana kila baada ya siku 12. Miaka 29 watu walidhani wanamtazama mtu mmoja, kumbe walikuwa pacha wamekumbatiana.

Dalili ya pili ni kupatwa. Mwenzi akipita mbele ya nyota, mwanga hupungua kidogo kisha hurudi, kama Mwezi unavyolifunika Jua. Kuhusu hili nataka umjue kijana mmoja wa Uingereza, John Goodricke. Alikuwa kiziwi. Mwaka wa 1783, akiwa na miaka 18 tu, aliitazama nyota iitwayo Algol usiku baada ya usiku kwa macho matupu, akaandika katika daftari lake ilivyofifia na kung'aa. Mwishowe akasema huenda kuna kitu cheusi kinachoizunguka na kuifunika kila baada ya siku mbili na saa 21 hivi. Mwenzi mwenyewe hakumwona. Walakini alikuwa sahihi! Miaka 18, wasomaji wenzangu. Mimi nina 16. Alichotumia ni macho, saa, daftari na subira.

Mwaka wa 2006 dalili hiyo hiyo ilifichua vibete kahawia viwili vinavyofunikana kila baada ya siku kumi hivi katika kundi la Jabari, lile lenye nyota tatu zilizojipanga kwa mstari. Vikapimwa ukubwa na uzito. Ajabu ni kwamba kile chepesi ndicho kilichokuwa na joto zaidi, kinyume cha matarajio ya wote.

Sasa nimefika mahali ambapo nitaandika kwa hasira kidogo. Mniwie radhi.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la Waitaliano liitwalo San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya Wamarekani ya kilo 140 hivi, ya kwanza duniani kuundwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza eksirei zitokazo angani. Eksirei za nyota hazipenyi hewa yetu, kwa hivyo sharti uzifuate huko juu. Kwa nini walikuja Kenya? Kwa sababu hapa kwenye Ikweta Dunia huzunguka kwa kasi kubwa zaidi na kuipa roketi msukumo wa bure, tena njia ya Ikweta huiepusha setilaiti na mnururisho mwingi unaovuruga vipimo. Mhandisi aliyeusimamia mradi huo alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend. Kwa heshima ya siku ile na nchi ile, setilaiti ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Na Uhuru ilifanya nini? Iliwafichua wenzi wasioonekana! Ilikuta chanzo kiitwacho Centaurus X-3 kikidunda eksirei kila baada ya sekunde 4.8, kama moyo. Kila baada ya siku mbili hivi mdundo ulizimika kwa nusu siku, kisha ukarudi. Hiyo ni dalili ya kupatwa. Tena midundo yenyewe ilisongamana na kutanuka kwa zamu, kama ile honi ya gari moshi. Hiyo ni dalili ya kuyumba. Ikajulikana kwamba kuna nyota ndogo mno na nzito mno, nyota ya nyutroni, inayozungukana na nyota kubwa na kuifyonza gesi yake. Methali yetu yasema kikulacho ki nguoni mwako. Sikujua kwamba hata mbinguni inafanya kazi.

Kisha kuna Cygnus X-1. Vipimo vya Uhuru viliwasaidia wataalamu kuifikia nyota moja kubwa ambayo huyumba kila baada ya siku 5.6, ikivutwa na mwenzi asiyetoa nuru yoyote. Mwenzi huyo ndiye aliyekuja kukubalika kuwa shimo jeusi la kwanza kujulikana na binadamu. Vipimo vya mwaka wa 2021 vinaonyesha kwamba ana uzito wa Jua 21. Setilaiti Uhuru ilinyamaza Machi 1973, ikiwa imetuachia orodha ya vyanzo 339 vya eksirei, na Riccardo Giacconi aliyeiongoza kazi hiyo ya kisayansi akapewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2002. Ni kweli, shimo jeusi si kibete kahawia. Moja ni zimwi, cha pili ni koroboi. Lakini kanuni ya kuwapata ni ile ile moja: asiyeonekana hujulikana kwa yale anayomfanyia anayeonekana.

Mimi haya niliyakuta kwa bahati, nikitafuta kitu kingine katika simu ya mjomba. Nilipouliza darasani nani anajua setilaiti iliyoitwa Uhuru, wenzangu walicheka wakidhani ni kitendawili. Katika Jiografia tulisoma Dunia na mfumo wa jua tangu Kidato cha Kwanza, lakini Malindi sikuiona humo. Kila Jamhuri Dei tunaimba neno uhuru, na hatujui kwamba neno hilo hilo liliandikwa katika vitabu vya nyota vya dunia nzima kwa sababu ya roketi iliyoruka kutoka bahari yetu. Tangu 1988 jukwaa lile halijarusha roketi. Na mwezi wa Aprili mwaka wa 2023, setilaiti yetu Taifa-1 ilipokuwa tayari, ilirushwa kutoka California. Yaani ya kwao ilirushwa kwetu, na ya kwetu ikarushwa kwao. Mtu asiyejua historia hii ataendelea kuamini kwamba mambo ya nyota ni ya wengine.

Ngoja, nisije nikakudanganya kwamba dalili hazikosei. Hapa ndipo penye kiini cha maoni yangu, na hapa ndipo panaponiuma.

Iko dalili ya tatu, nayo ni ya saa. Nyota mbili zinazofunikana hufanya kazi kama saa, kwa maana kila kupatwa huja kwa wakati wake. Mpiga kengele wa shule akipiga kila dakika huku akitembea kwenda mbali, kengele zitakufikia zikichelewa kidogo kidogo. Akirudi, zitawahi. Vivyo hivyo, kama nyota mbili zinavutwa huku na huku na mwenzi wa tatu, kupatwa kwao kutachelewa na kuwahi kwa zamu. Katika jozi moja iitwayo V471 Tauri, ambayo hufunikana kila baada ya saa 12 na nusu, watu waliona saa yake ikichelewa na kuwahi kwa mzunguko wa miaka 30 hivi. Wakasema, bila shaka kuna kibete kahawia. Wakakadiria uzito wake na mahali pake. Kisha chombo kipya na kikali kiitwacho SPHERE kikafungwa kwenye darubini kubwa ya Chile. Wakatazama pale pale kilipotakiwa kuwa. Mwaka wa 2015 wakatangaza: hakuna kitu! Huenda ni nguvu za sumaku za nyota yenyewe zilizoivuruga saa. Penye moshi hapakosi moto, ndiyo, lakini moto wenyewe huenda usiwe ule uliodhani.

Nilipoisoma habari hiyo nilikumbuka siku moja ya muhula wa kwanza. Kikokotoo cha mwenzetu kilipotea darasani. Mimi nilikuwa wa mwisho kutoka wakati wa mapumziko, na kila mtu anajua kwamba natoka Kibera. Dalili mbili zikatosha. Mkoba wangu ulimwagwa juu ya meza mbele ya darasa zima, vitabu, kitambaa, hata shilingi ishirini zangu za mandazi. Hapakuwa na kikokotoo. Bado wengine walisema nimekwisha kukipitisha nje. Jioni ile nilitembea kutoka Kawangware kupitia Dagoretti Corner hadi nyumbani bila kuinua uso. Kesho yake kikapatikana katika mkoba wa dada yake mwenye kikokotoo, aliyekichukua asubuhi bila kumwambia. Watu wakacheka, yakaisha. Kwangu hayakuisha.

Sasa linganisha, mpenzi msomaji. Wale wa V471 Tauri walikuwa na dalili za miaka mingi, zilizopimwa kwa uangalifu. Hata hivyo hawakuona aibu kwenda kutazama, na walipokosa walisema wazi mbele ya dunia kwamba wamekosa. Wale wa mkoba wangu walikuwa na dalili mbili za dakika tano, na hakuna aliyesema amekosea. Basi mjomba akiniuliza Fizikia nitaila, jibu langu la kwanza ni hili: Fizikia inafundisha namna ya kumjua asiyeonekana bila kumsingizia. Anayekisia hupima, akishapima huenda kutazama, na akikosea hukiri. Ni mtaa gani unaohitaji somo hilo kuliko mitaa yetu, ambayo kila siku huhukumiwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga matope yake?

Najua kuna watakaonipinga. Watasema, "Kibera kuna shida ya maji na vyoo, wewe unatuletea vibete kahawia!" Nami siwalaumu, kwa kuwa mama yangu hupanga foleni ya maji kama mama zenu. Sisemi kwamba nyota zitatupa unga. Nasema kwamba kupima usichokiona ni kazi ya fundi wa stima, ya daktari anayetazama picha ya eksirei, hata ya anayetafuta bomba lilipopasuka chini ya ardhi. Tena mwaka ujao tutasoma mwendo wa duara na eksirei katika Kidato cha Nne. Kama mtu anajua kwamba mambo hayo mawili yaliungana juu ya bahari ya Malindi, atayasoma kwa hamu, hatayakariri kama kasuku.

Wengine watasema, "Sayansi haisemeki kwa Kiswahili." Hao ningependa wahesabu ni maneno mangapi katika makala haya wameshindwa kuyaelewa. Tuna nyota maradufu, kibete kahawia, shimo jeusi, miaka ya nuru, kupatwa. Tuna Kilimia, ambayo ni kongwe kuliko shule zote za nchi hii. Lugha iliyowapa majira wakulima wa pwani na kuipa jina setilaiti ya Wamarekani haiwezi kushindwa na kipindi kimoja cha Fizikia.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, walimu wetu wapendwa, nawasihi msilifunge somo la Fizikia hata tukibaki watano. Mwanga mdogo hauzimwi kwa sababu ya udogo wake. Pili, Chama cha Kiswahili na darasa la Fizikia tukutane mara moja kila muhula, tusome habari za Uhuru na San Marco, tuandike pamoja orodha ya maneno ya sayansi na kuibandika ukutani. Wanaochukua Biashara nao waje, hapana ubaguzi. Tatu, likizo ya Desemba, kila anayetaka aitafute Algol. Iko upande wa kaskazini usiku, kati ya upeo na utosi, nayo inang'aa vya kutosha hata kwetu mjini. Simama mlangoni penu karibu na wazazi, mahali ambapo ukuta unakukinga na mulika mwizi, uilinganishe na nyota jirani zake. Andika katika daftari tarehe, saa, na kama imefifia au la. Januari tulete madaftari tuone kama sisi kumi na wawili au ishirini tutaupata mzunguko alioupata Goodricke. Hakuna ada ya kulipa.

Mjomba nilimsomea ukurasa huu wiki iliyopita, pale kibandani kwake, kabla sijaukabidhi kwa mhariri. Alisikiliza hadi mwisho akikisugua kile kioo chake cheusi kwa kitambaa. Hakusema kwamba nimeshinda, kwa maana mjomba hashindwi na mpwa wake. Aliniuliza tu, "Hiyo nyota yenu inatokea saa ngapi?"

Nikamwambia, "Saa mbili usiku, mjomba, ukiishazima mtambo."



Mwanafunzi, Kidato cha Tatu